Kibati Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 5 Agosti

Kwa mwanangu Kimya,

Hujambo? Darasani hawajambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisema kila nikipanda ngazi za getini. Baba yako kanipigia simu jana. Anasema mwalimu wenu analalamika: unaandika vizuri kwa lugha zote mbili, lakini muhula mzima hujafungua mdomo kwa lugha hata moja. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia, kaka, mtoto karithi mdomo wa mama yake, wangu mimi haukutosha kugawa.

Sasa sikiliza. Jumamosi mna mapumziko. Njoo kwangu, ushuke korongoni peke yako. Njia ni ya kutwa nzima, imechongwa kwenye jabali, mto uko chini, minyororo ya kushikilia ipo. Hakuna wa kukuuliza lolote kule. Unachukua kibati chako chenye namba kwenye ubao wangu wa getini, unakivaa shingoni. Ukitoka unakirudisha mwenyewe kwenye msumari wenye namba yake. Saa kumi na moja jioni mimi naangalia ubao. Nikiona msumari mtupu, Kamba, mwokoaji wetu, na wenzake wanashuka kumtafuta mtu. Miaka kumi na minne sijapoteza hata mmoja, na sitaanza na wewe.

Njoo. Urudi na sauti.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 12 Agosti

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na uko mzima. Mimi shuleni sijambo, ila si kweli.

Barua hii nilianza kuiandika kwa lugha ya darasani. Ikatoka kama insha ya mtihani, nzuri, haina damu. Nimeichana. Kwa lugha yetu naona aibu, na nadhani aibu ndiyo inayotakiwa.

Uliniuliza Jumamosi kama nimeanguka, nikaitikia kwa kichwa. Sikuanguka.

Asubuhi ilikuwa nzuri, shangazi. Sijawahi kuwa na asubuhi kama ile. Kufika maporomoko ya pili hakukuwa na mtu mbele wala nyuma, na maji yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba nikafungua mdomo nikapiga kelele nami. Kisha nikaimba. Niliimba kila nilichokijua, hata wimbo wa kupiga mswaki. Sikujisikia mwenyewe, ndiyo maana nikaweza.

Yeye alinisikia. Alikuwa amekaa baada ya daraja la nne, pale palipo na kishubaka ukutani ambamo wapita njia hupanga mawe. Mwanamume peke yake, mkubwa kama baba, kibati chake namba thelathini na moja. Akanisalimia. Sikuitikia, unanijua. Akaweka mguu kukata njia.

"Kumbe una kiburi? Nimekusikia ukiimba. Imba tena."

Nikajaribu kupita.

"Nyie mnaosomeshwa mnatuona takataka, eh? Imba."

Alinizaba kofi sikio likalia. Akanivua mkoba, akautupa mtoni, akautazama unavyokwenda kama mtu anayetazama mpira. Kisha akanishika koo kwa mkono mmoja, akanisukuma mpaka mgongo ukapita juu ya mnyororo. Nikaona mto ukiwa juu na mbingu chini.

"Sema tafadhali, nikuachie."

Ningesema. Naapa ningesema, kwa lugha zote mbili. Haikutoka. Hata pumzi haikutoka, na yeye alikuwa anacheka.

Mkono wangu ukalipata jiwe kwenye kile kishubaka. La kwanza lilimpiga sikioni. La pili mdomoni, nikasikia meno. Akaniachia. Akapiga magoti, ameshika uso kwa mikono yote miwili, damu inapita kati ya vidole. Njia ilikuwa wazi, shangazi. Ningeweza kukimbia.

La tatu nilimpiga akiwa amepiga magoti. Hilo la tatu lilikuwa langu mwenyewe, sikuhitaji kulipiga. Akapita chini ya mnyororo.

Hakufika majini. Aliangukia kwenye kibao cha mwamba chini, kina kama cha nyumba ya ghorofa moja. Mguu ulikuwa umeangalia upande usio wake. Akapiga yowe, na maji yakalimeza kama yalivyomeza nyimbo zangu. Kisha akaniona nachungulia, akanyoosha mkono. "Dada, nisaidie." Ghafla nimekuwa dada.

Kibati chake kilikuwa kwenye ngumi yangu. Sijui nilikikata kamba saa ngapi.

Nilipanda nacho masaa mawili. Nilifunga kitambaa shingoni kuficha alama. Getini ulikuwa umeinama unamfunga kiatu mtoto wa wageni. Ukasema bila kugeuka, "Umerudi na sauti?" Nikatundika kumi na tisa, changu. Kisha nikatundika thelathini na moja.

Si kwa bahati mbaya. Si kwa kuchanganyikiwa. Nilijua msumari ule ukiwa mtupu Kamba atashuka, na sikutaka ashuke. Nilitaka yule mtu afe. Nimeliandika, siwezi kulifuta, kalamu ya shule haifutiki.

Saa kumi na moja ukautazama ubao, ukasema kama unavyosema kila siku, "Wote nyumbani," ukabandika birika. Nikanywa chai yako.

Nampa dereva wa basi la jioni barua hii. Kama bado anapumua ni kwa sababu ya maji yanayochuruzika pale ukutani. Shangazi, washushe watu. Kisha nichukie polepole.

Mwanao

*

Jumatano, 14 Agosti

Kwa mwanangu Kimya,

Hujambo? Najua hujambo hata kidogo, lakini lazima niulize, ndivyo tulivyofunzwa. Shingo inaendeleaje? Usifunge kitambaa, iache ipate hewa.

Mwandiko huu unayumba kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Nitakufikisha huko.

Dereva alinipa barua yako jana saa tatu asubuhi. Niliisoma nimesimama. Nikamwambia Kamba kuna mgeni kapiga simu, kasikia mtu analia daraja la nne. Kamba ni Kamba, hakuuliza. Alibeba vifaa akaita wenzake wawili wakakimbia. Nami nikashuka, na goti langu hili.

Yu hai. Siku tatu alikuwa analamba ukuta. Mguu umevimba umekuwa mweusi, taya limehama, nzi wamejaa mdomoni. Kamba, ambaye kaopoa maiti mtoni bila kukunja uso, alitapika pembeni. Walipomfunga kwenye machela, yule mtu akamwambia Kamba, "Niliteleza." Hivyo tu. Mtu wa namna ile hawezi kusema kilichompata bila kusema alichofanya. Lakini nilipoinama kumpa maji akaninong'oneza kwa lile taya bovu, "Yule mwimbaji alitoka salama?" Na akatabasamu, mwanangu. Kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Nilimwaga yale maji chini. Nami naungama, tuwe wawili.

Leo asubuhi wamekuja kaka zake. Hospitali wamewaambia kalala nje siku tatu, nao wakataka kumjua mama anayehesabu watu getini, wakakikuta kibati chake msumarini. Mmoja kaung'oa ubao ukutani, vibati vikaruka kama kuku. Wa pili kanipiga kwa ule ubao. Niliweka mkono usoni, vidole viwili vikavunjika. Pigo la pili likanitoa jino, lile la mbele lililonipatia mume. Akawa ananikanyaga goti, hilohilo. "Ulitundika mwenyewe uwahi kulala!" Akawa analirudia kila akikanyaga. Kamba alimrukia akamfunga kamba za uokoaji mikono na miguu kama mbuzi wa mnada, la sivyo usingekuwa unasoma barua hii. Damu nimeifuta mwenyewe, imebaki kwenye ufa wa sakafu.

Ijumaa saa nne asubuhi wakubwa wa korongo wananiita ofisini. Swali ni moja: mtu yuko chini, kibati chake kimefikaje kwenye msumari? Nimeshaamua. Nitasema nilikiokota njiani nikakitundika mimi, nilitaka kufunga mapema. Wataniachisha kazi, basi. Miaka kumi na minne imetosha. Yeye atapona, watamwandikia kuwa aliteleza, na wewe utamaliza shule.

Kuhusu hilo la tatu unaloliita lako, sijui nikwambie nini. Ningekuwepo ningepiga la nne. Lakini kibati, mwanangu. Jiwe ulimpiga yeye. Kibati ulinipiga mimi. Kila jioni nilikuwa nasema "wote nyumbani" na nilikuwa sidanganyi.

Sikuchukii. Nimekaa hapa nimejaribu tangu jana, imenishinda.

Choma barua hii. Kaa kimya, hiyo kazi unaiweza kuliko wote.

Shangazi yako

*

Alhamisi, 15 Agosti

Kwa shangazi yangu,

Shikamoo. Vidole vinauma? Usiandike tena kwa mkono wowote. Mimi leo mzima.

Sikuchoma barua yako. Iko mezani kwa mwalimu mkuu, pamoja na karatasi zangu.

Niliingia ofisini kwake saa mbili asubuhi. Akasema, "Ongea juu, sikusikii." Nikaongea. Akasema tena, "Juu zaidi." Mara ya tatu katibu wake chumba cha pili aliacha kupiga chapa, nikajua nimesikika. Nilisema yote. Kofi, koo, jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Nilisema alikuwa amepiga magoti. Nilisema nilitundika kibati makusudi na kwa nini. Mwalimu mkuu akasema, "Vua kitambaa," akaziona alama. Akapiga simu kwa baba. Baba alilia kwanza, kisha akauliza jino lako ni lipi.

Wanasema kesho polisi watakuwepo. Wanasema huenda na mimi nikashikwa kwa lile la tatu. Nimewaambia najua. Na kuhusu yeye, nimewaambia anasema aliteleza, ila akishapona atatafuta msichana mwingine asiyeitikia salamu, naye huenda asipate jiwe.

Nimeandika maelezo kwa lugha zote mbili, ili kesho asipatikane mtu ofisini wa kusema hakuelewa. Matroni na baba wanakuja nami, basi la alfajiri. Barua hii inatangulia leo kwa yuleyule dereva, kwa sababu nakujua. Utaamka mapema, utavaa vizuri, utaingia mle ndani kabla ya saa nne ukadanganye kwa ajili yangu. Usiingie. Kaa kwenye benchi la nje, uweke goti juu, unisubiri.

Mwambie Kamba arudishe ubao ukutani. Nitahitaji namba kumi na tisa. Watataka niwaonyeshe mahali, nami nitashuka nao mpaka daraja la nne.

Na ukiniona nashuka kwenye basi, usiniulize kama nimeanguka. Niulize nimefanya nini. Niulize kwa sauti, mbele ya watu wote.

Mwanao