Mabega Yaliyobaki Kwenye Koti

Mpendwa Baba Zainabu,

Shangaa kwanza: ninayeandika ni mimi. Ulinioa sijui hata kalamu inashikwaje, ukafa kabla hawajaleta darasa la kisomo cha watu wazima pale kijijini. Nikajifunzia a e i o u kwenye baraza ile ile ulipokuwa unashonea. Kwa hiyo usidhani nimemtuma mtu. Naandika mwenyewe, kwa sababu mjukuu wako Mwajuma, ambaye siku hizi ni muuguzi, ameniambia jambo lililoniketisha chini. Nitakueleza. Lakini acha nianze na lile koti, maana sijapata kulisema kwa mtu yeyote kama ninavyotaka kulisema kwako.

Ulilishona tulipokwisha kuhama Kwihara kwenda kijiji cha ujamaa, upande wa Urambo. Tulifika na cherehani, godoro, na kuku waliofungwa miguu, tukapewa kiwanja jirani na Masanja. Wewe Mnyamwezi, yeye Msukuma, watani wa jadi, basi hamkusalimiana hata siku moja bila kutukanana. Tumbo lako lilipoanza kukutangulia njiani, alipata la kusema mwaka mzima.

"Mtazameni kupe!" alikuwa anapaza sauti kwenye shamba la pamoja. "Sisi tunalima, yeye ananenepa! Redio inatutangazia wanyonyaji, kumbe wa kwetu tunaye hapa hapa!"

Nawe unalipigapiga tumbo. "Hili ni ghala la kijiji, we Msukuma. Njoo uhesabu magunia."

Watu hoi kwa kicheko. Nilicheka na mimi, na moyoni nilijivuna, maana mume akiwa na tumbo anayesifiwa ni mke. Wanawake walikuwa wananiuliza ninakupikia nini. Koti lako la kaki lilikukaa vizuri, mabega yametanuka, kila aliyekuona alitaka kushonewa kama lile. Ulikuwa hulivui hata jua linapochoma, nikawa nakutania kwamba unaringa. Tena ulihamia kulala kwenye chumba cha cherehani, ukisema tumbo linakunyima pumzi ukilala chali. Na kweli, nilikuwa nakusikia ukikoroma umeketi.

Chakula mlikula barazani, wanaume wa mstari wetu wa nyumba wote pamoja. Kila nyumba ilitoa sinia lake, mnazunguka, mnanawa, mnakula. Sinia langu lilirudi tupu kila siku. Ugali umekwisha, maharage yamekwisha, mchuzi umefutwa mpaka chini. Nani angeuliza kitu?

Siku uliyoanguka ulikuwa unampima Masanja shati. Ulitaja kipimo cha kifua, ukanyamaza, ukateremka taratibu na futi yako ya kupimia shingoni. Masanja aliendelea kukutukana akidhani ni mzaha, mpaka alipoinama akaona macho yako yalivyokuwa manjano. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka stesheni. Tulipanda treni ya Tabora watatu, na njia nzima Masanja hakukutukana hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Hospitalini daktari alisema, "Mvueni koti."

Muuguzi akalivuta. Baba Zainabu, mabega yako yalitoka na koti! Yale mabega niliyokuwa nayatazama kila asubuhi yalibaki mikononi mwa yule binti, mazito, yamesimama, pamba tupu iliyoshindiliwa na kushonwa kwa ule mkono wako usiokosea. Na wewe ukabaki pale kitandani, mifupa. Mikono yako ilikuwa myembamba kuliko ya Zainabu, na Zainabu alikuwa bado mtoto wa shule. Tumbo peke yake ndilo lililobaki kubwa, na daktari alipoligonga kwa vidole alisema ni maji. Nilipiga ukelele, wodi nzima ikageuka. Nilidhani wamenibadilishia mtu.

"Anakunywa pombe huyu?"

"Huyu? Hata togwa likilala likachacha hagusi!"

"Basi labda ni ugonjwa wa manjano wa zamani. Ini limekauka, limejaa makovu. Lakini mama, kinachommaliza upesi sasa hivi ni njaa."

Njaa! Nilitaka kumkunja shati yule daktari. Mke wa fundi, kwenye kijiji chenye ghala, mume wangu afe njaa? "Sinia linarudi tupu," nilimwambia. "Waulize wanaume wenzake. Linarudi tupu!"

Ndipo uliposema, bila kunitazama, "Linarudi tupu kwa sababu nawasogezea wenzangu. Mimi nikimeza matonge mawili nimejaa. Maji haya hayaachi nafasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuona unavyofurahi ukilipokea."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika watu, nimelea wajukuu, na bado sentensi hiyo ikinijia nikiwa napeta mchele nasimama kidogo. Sijui niipokeeje. Siku nyingine naiona ni mapenzi, siku nyingine natamani ungekuwa karibu nikuzabe kofi.

Daktari alisema atakujaribia dawa. Alituelezea vizuri, namkumbuka: ini likiharibika, mwili wa mwanamume unapungukiwa na homoni ya kiume, na nyama zinayeyuka hata kama mtu anakula. Basi wangekudunga homoni hiyo waone kama nyama zitarudi. "Tunajaribu tu, siwaahidi kitu," alisema. Mimi sikusikia hilo la kutoahidi. Nilisikia kwamba nyama zitarudi.

Masanja alipokuja kukutazama na kuelezwa, alishika kichwa. "Kwa hiyo wanamdunga uanaume? Nilisema tangu zamani Wanyamwezi hawana!"

"Wakimaliza kwangu," ukamjibu kwa sauti ndogo, "itakayobaki watakupa wewe, mkeo amechoka kusubiri." Wagonjwa wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwafokea.

Na nyama zilirudi. Sisemi uongo, niliziona. Dawa za kukojoa zilipunguza maji, sindano ile nzito ya mafuta ikaendelea hata tuliporudishwa kijijini, kwenye zahanati. Mkono wako ukaanza kujaa, ukaweza kuinuka kitini bila kushikwa, ukarudi kwenye cherehani. Siku moja mchana ulichukua wembe ukafumua bega la kushoto la koti, ukatoa pamba yote, ukalivaa.

"Tazama, mama Zainabu. Hili sasa ni langu."

Lilikuwa linapwaya kidogo. Nilikwambia limekukaa sawasawa. Ukasema la kulia utalifumua karibu na Idi, ili uswali nalo hivyo, bila pamba hata kidogo.

Hukuifikia Idi. Ulikuwa unapindisha kaptula za wanafunzi, ukakohoa, nikasikia kitu kinamwagika. Damu, Baba Zainabu. Damu kwenye cherehani, kwenye kaki, kwenye miguu yangu, na wewe unaniangalia kama unayetaka kuomba radhi kwa kuchafua nguo za watu. Mwenye gari la ushirika alipofika ulikuwa umekwisha kwenda. Nilikushika mkono, ulikuwa umejaa. Ni hilo lililonichanganya akili: umekufa ukiwa unanenepa. Nilipomwuliza daktari baadaye, alisema, "Sindano ilijenga nyama, mama. Ini haikulijenga."

Msibani Masanja alitimiza kazi ya mtani. Alilichukua koti lako, akalivaa, akasukuma tumbo mbele, akapita katikati ya waombolezaji akitembea kama wewe. "Mimi ni ghala la kijiji! Njooni mhesabu magunia!" Watu walicheka na machozi yao. Kisha akajiona: bega moja juu, bega moja chini. Akaligusa lile la pamba, akalibonyeza, akaelewa. Maana yeye ndiye aliyekuwa anakaa jirani yako kwenye sinia. Yeye ndiye uliyekuwa unamsogezea. Alikaa chini pale pale, na sijapata kumsikia akimwita mtu kupe tena.

Sasa nisikilize alichosema Mwajuma. Nilikuwa namsimulia habari zako, hizi za sindano, kwa sababu yuko kwenye wodi ya wagonjwa wa ini. Akaniambia, "Bibi, homoni zile zimejaribiwa sana. Nyama zinaweza kurudi kidogo, lakini haikuonekana kwamba zinamwongezea mtu maisha. Siku hizi tunahimiza chakula. Kidogo kidogo, mara nyingi, na kingine kabla ya kulala. Mayai, maharage, samaki. Mgonjwa wa ini hatakiwi kukaa na njaa."

Chakula! Mwenzangu, chakula nilikuwa nacho! Maharage yalikuwa jikoni, mayai yalikuwa chini ya kuku. Ningekuletea kibakuli kwenye cherehani kila baada ya kaptula moja. Nilimshika mkono huyu mtoto nikamwuliza, "Kwa hiyo angepona?"

"Hapana, bibi. Ini lilikuwa limekwisha. Ila asingekaa na njaa."

Ndilo neno lililoniketisha. Nilizoea kufikiri ulichukuliwa na ini. Sasa nafikiria zile jioni zote barazani, wewe una njaa katikati ya wanaume, unacheka, unasukuma sinia, na mimi ukutani nasubiri kulipokea.

Jana nimelitoa koti sandukuni. Bega la kulia bado limesimama. Nilishika wembe, nikauweka. Hilo ulisema utalifumua mwenyewe.

Basi nakuaga, mkono umechoka na macho hayaoni mstari. Zainabu hajambo, anakusalimu. Masanja alikufuata siku nyingi, na najua huko mmekwisha kutukanana. Ila nakuomba kitu kimoja. Kama na huko wanaume mnakula sinia moja, usimsogezee. Hata kama utakula tonge moja tu, hata kama utalirudisha sinia limejaa, sitanuna. Kula, Baba Zainabu.

Ni mimi mkeo,
Mama Zainabu