Njuguna, Dirisha Lako la Nyuma Sasa Linaona

Njuguna,

Ni mimi, Kampala, jina ulilonibandika wewe. Najua ulisema ukienda nisikufuate na maneno, lakini nimekaa ndani ya gari yako hapa kwa boma lako Lanet, mvua inapiga paa, na sina mwingine wa kumwambia. Nimechoka, rafiki yangu. Si mkono peke yake, ingawa mkono nao umevimba kama mandazi.

Tangu tukuzike, watu wananiamini. Hiyo ndiyo shida. Zamani nikianza hadithi zangu za lori, vile nililala Kigali nikanywa chai Juba, wewe ulikuwa unasema, "Kampala, umefika, shuka hapo," watu wanacheka, na mimi napumzika. Siku hizi naongea mpaka mwisho. Hakuna mtu ananishusha. Uongo ni mzigo, bwana, ukiubeba peke yako.

Binti yako Ciru anaolewa Jumamosi. Kijana ni wa Kuresoi, kwao wanalima viazi, ana heshima, hana haraka ya kuongea. Mimi tayari nimemwonea huruma, kwa sababu Ciru ni wewe mtupu. Amesema hatapanda gari ingine ila hii yako nyekundu, maana ulimwahidi akiwa mdogo, umempakata hapa kwa usukani. Lakini mvua haijakatika wiki hii yote. Hili paa lako la turubai la kukunja lazima lifungwe. Na paa likifungwa, unajua vile dirisha lake la plastiki la nyuma lilivyokuwa: jeupe kama uji.

"Dirisha halioni? Kunja paa." Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yako. Miaka yote hiyo tumekula vumbi la Nakuru meno nje, mpaka Mai Mahiu na kurudi, wewe ukisema ni hewa safi. Tukifika unachukua kile kitambaa chako cha mafuta ya taa, unafuta ile plastiki kabla hata ya kuimwagia maji. Mafuta ya taa kwa kuku, mafuta ya taa kwa goti, mafuta ya taa kwa dirisha. Goti lilipona. Dirisha ulilipofusha wewe, Njuguna, kwa mapenzi yako yote.

Nikamwambia Mama Ciru atulie, madirisha kama haya nimeng'arisha mengi huko mjini Kampala. Nikachukua dawa ya meno na kitambaa laini, nikasugua tangu chai ya asubuhi. Nikasafisha sehemu ya ukubwa wa sahani, na hata hapo ukichungulia unaona mtu kama yuko ndani ya maziwa. Pembeni ikaanza kupasuka. Mama Ciru akatoka na mwavuli, akasimama akiniangalia.

"Kampala, wacha hiyo dirisha. Hapo ndipo mkono wake ulikuwa unapita."

Nikaweka kitambaa chini.

Ciru alikuwa mlangoni. Akasema, "Mami, wewe utakuwa gari ya nyuma. Nataka nikigeuka nikuone. Baba sitamwona. Wewe nikuone."

Mama yake aligeuka. Aliingia ndani, nikafikiri amekasirika, kumbe ameenda kutafuta makasi. Akasema kama ni kukata, atakata yeye. Akakata uzi ulioshika dirisha kwa paa, polepole, mshono kwa mshono, mimi nikimshikia mwavuli, na harufu ya mafuta ya taa ikatoka kwa ile plastiki kama ni wewe umepita hapo.

Hiyo plastiki kuukuu ameipigilia kwa nyumba ya vifaranga. Anasema vifaranga hawana haja ya kuona mbali.

Akinyi wa turubai, yule anayeshona viti vya matatu karibu na soko, alikuwa na plastiki mpya, safi kama maji, lakini imekunjwa kama mkeka. Akanionya: "Boss, hii haishonwi ikiwa baridi. Baridi inaikaza, utashona makunyanzi, halafu jua likitoka inalegea. Ilaze kwa jua siku moja inyooke." Nikamwuliza jua gani. Akaangalia juu, akasema hiyo si kazi yake.

Nikarudi nayo kwapani, nimeshindwa. Mama Ciru akasema, "Lete."

Asubuhi nilipokuja kuichukua nikaipata kwa kitanda chenu, upande wako, imelazwa kati ya mablanketi mawili, imenyooka, ina joto. Na upande wa pili ulikuwa umelaliwa. Njuguna, huyo mama amekuwa akilala kwa sofa tangu mazishi. Ciru alimbembeleza, mchungaji akaomba, mimi nikamaliza mizaha yangu yote. Hakurudi kwa hicho kitanda. Amerudi ili apashe dirisha joto.

Akaniona naangalia. "Usiniulize," akasema. "Kila nikigeuka inalia kwaru kwaru. Lakini haikoromi kama yule."

Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Tukaifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga, nikaikimbiza kwa Akinyi na hii gari, akaishona kwa paa ikiwa bado na joto. Hakuna hata kunyanzi moja. Sasa niko hapa kwa usukani naangalia kioo, na kwa mara ya kwanza tangu niijue, hii gari ina nyuma. Naona lango. Naona nyumba ya vifaranga. Naona Mama Ciru anakinga maji ya mvua kwa ndoo, ananiangalia kama anashangaa mbona sishuki. Macho yangu ni mazito. Ningekuambia ni usingizi, lakini wewe ungenijua.

Lala, rafiki yangu. Hili dirisha halitaguswa na mafuta ya taa, ni maji na sabuni tu, na siku ya kukunja paa nitaweka blanketi katikati lisikwaruzwe. Jumamosi nitaendesha polepole, gari ya Mama Ciru isipotee hapo nyuma. Na hata jua likiwaka Lanet nzima, hata watu wapige kelele nifungue wamwone bibi harusi, paa sitakunja. Ciru atageuka amwone mama yake kupitia hili dirisha ambalo mama mwenyewe alilipasha joto.

Mimi nimefika, Njuguna. Acha nishuke hapa.

Kampala