Mashujaa wa Kizimba cha Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo ndiyo leo! Wiki nne nimewalea panya weupe arobaini, vizimba kumi, peke yangu, na asubuhi hii Daktari amewatia wote virusi vya mafua puani. Daktari ni bosi wangu, mama asiyecheka kabla ya saa nne. Panya wa vizimba vitano vya kwanza ni wazima. Wa vitano vya mwisho tuliwanywesha antibiotiki mpaka bakteria wa tumboni wakaisha. Hao ndio watakaozidiwa, anasema, kwa sababu bakteria wa tumbo ndio wanaoiamsha kinga ya mwili. Hata ya mapafu! Tumbo na mapafu wanaongea, mimi sina habari!

Jaribio likienda sawa, atanipendekeza nikasome shahada. Likiharibika, narudi kuosha chupa.

Ijumaa, 8 Machi

Panya wa antibiotiki wamejikunyata, manyoya yamesimama, hawali. Nimefurahi, kisha nikaona aibu kufurahi.

Ila kizimba cha saba! Wanne wote wanakimbizana, wanagombea chakula. Nimewapima uzito mara tatu. Daktari akainama, akawatazama weee — hawa wana kitu, akasema. Anawaita mashujaa. Anataka kuwazalisha, na ameshamwandikia Mkurugenzi wa maabara aje Jumatatu kuwaona. Amecheka saa mbili na nusu asubuhi! Nimeangalia saa.

Jumapili, 10 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa natandika kitanda changu. Mdogo wangu akapiga kelele: dada, hilo shuka langu nimelilalia wiki nzima! Nikaganda.

Maranda! Jumamosi ya tarehe 24 Februari maranda mapya ya kuwatandikia panya yaliisha. Nikachota ya kizimba cha pili, yalionekana safi tu, nikaweka cha saba. Antibiotiki tulikuwa tumeacha siku mbili kabla. Na panya wanakula mavi — yao na ya jirani! Wamekula mavi ya wazima, wakarudishiwa bakteria wao. Mashujaa gani? Wameshiba tu!

Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni. Mdogo wangu akauliza kuna nini. Mavi, nikamwambia, mavi yamewaponya! Akasema nitafute mchumba haraka.

Halafu kicheko kikakatika. Sikuandika kwenye daftari la vizimba. Maabarani kwetu mtu anafukuzwa kwa hilo.

Jumatatu, 11 Machi

Naandikia stoo, nimekalia ndoo. Mkurugenzi anafika saa tano. Sasa ni saa nne na robo.

Nimemwambia Daktari yote. Na bado mdomo unataka kucheka — nina wazimu gani? Akavua miwani. Akauliza, maranda ya kizimba kipi? Cha pili. Kiasi gani? Konzi mbili. Tarehe? Nikamtajia. Akaniambia nisubiri hapa, nisiguse kitu. Akafunga mlango.

Namsikia anatembea huko ng'ambo. Anafungua vizimba. Sasa kama anacheka — au anakohoa? Shahada yangu, jamani!

Anakuja.

Ameingia na jozi mbili za glavu, moja yangu, na kizimba cha nane kwapani, wagonjwa wake wamelala hoi. Hajasema kama bado nina kazi. Kasema nifunge daftari hili, nifungue lile la vizimba, niandike saa.

"Haya," anasema. "Kosea tena. Konzi mbili vilevile, mbele yangu —"