Mtani, Nimekuiga Bila Moshi

Mtani wangu Baba Zuhura,

Shikamoo sikupi. Nimekuzidi umri, na wewe mwenyewe hukuniamkia hata siku moja, ukasema mtani haamkiwi, anatukanwa. Mimi huku mzima kabisa. Hali yako siulizi, nisije nikajibiwa!

Naandika mbio mbio, na shule unaijua, la nne niliishia hapo hapo. Herufi zikipanda na kushuka usinicheke. Nina habari imenijaa mpaka kooni. Jana tumekusomea arobaini yako hapa Lisekese, na mimi, bwana, sigara nimeacha! Mimi Selemani! Yule uliyesema nikifa nitafuka moshi kaburini wiki nzima. Ila jana, mtani, jana ilikuwa nusura. Ngoja nianze nyuma kidogo.

Siku tuliyokuzika nilifanya kazi yangu. Ukoo wetu na wenu watani tangu mababu, nisingekuacha utoke uani kimya kimya kama mtu asiye na kwao. Nikavaa kofia yako, nikawasha sigara, nikatembea bega moja chini, nikakohoa kikohozi chako kile cha kuanzia tumboni. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mara kikohozi kikakataa kuondoka. Nakohoa, nakohoa, nikapiga magoti, pumzi sina, napunga mkono waje wanisaidie. Wao ndiyo kwanza wanazidi! "Huyo huyo! Baba Zuhura kafufuka!" Mmoja akapiga vigelegele. Nakufa mbele yao, na wao wanasifia utani!

Mkeo peke yake aliacha kucheka. Akaniletea maji, akaniinamia sikioni: "Shemeji, hicho hukuiga. Hicho cha kwako."

Sigara nikaizima palepale. Mtani, niliogopa.

Nikaenda zahanati. Yule muuguzi, mama mpole mwenye maneno makali, akanisikiliza kifua, akasema, "Baba, hamu ya sigara haikai. Inakuja, inapanda, inashuka, inaondoka. Shida yako wewe ikibisha tu hodi umeshaitandikia mkeka." Akaniambia nichunguze inanijia saa ngapi, nikiwa wapi, nafanya nini. Na ikija ninywe maji. Nikamwambia, "Mama, mimi nauza nguo Newala. Kule maji tunanunua kwa debe. Nikinywa kila nikitamani, mji mzima watahama!" Akacheka, akasema basi tafuna muhogo mbichi.

Nikaanza kuichunguza hamu yangu kama mteja. Unajua mimi mteja namsoma tangu anashika nguo. Kumbe haiji ovyo, ina sehemu zake! Nikiuza suruali, mkono unakwenda mfukoni wenyewe, kama kujipongeza. Kahawa nikiinusa tu, ulimi unawasha. Nikishiba ugali, hiyo hapo. Mteja akinisumbua, anageuza shati mara kumi halafu anasema halina mkono mzuri, hapo ndiyo nataka nivute pakiti nzima pamoja na karatasi yake! Basi kila sehemu nikaiwekea kitu. Nikiuza naimba. Kahawa nimehamia chai. Nikishiba natembea. Mteja msumbufu namsifia mpaka anaona aibu. Muhogo ndio usiseme, taya zimeniuma, watu sokoni wakaanza kuniita Mzee Panya.

Na si rahisi, maana siku hizi kila genge lina sigara, tena za moja moja. Unakumbuka miaka ile ya uhaba, maduka matupu, tunasokota tumbaku kwenye gazeti? Serikali ilikuwa inatuachisha bila kutuuliza. Sasa ruksa, kila kitu kipo, mitumba ipo, redio zipo. Wanunuzi binafsi wa korosho nao wanagonga milango mpaka Lupaso, kila mmoja na mizani yake na utamu wake wa mdomo. Ungefurahi, ungewauzia hata makapi.

Lakini mahali palipo pagumu kuliko pote ni ule mlima wa kupandia Newala. Gari likichemsha unajua, wote tunashuka, na lazima mtu atoe pakiti. Mara ya kwanza kupita bila wewe, hamu ilinishika kweli kweli. Nikakimbia kutafuta mawe ya kuweka kwenye tairi, hata sikuombwa. Nimerudi natweta, imeondoka. Nikageuka nikutukane kidogo kama kawaida yetu...

Pembeni yangu palikuwa na robota la nguo tu.

Basi nikajua, mtani. Nusu ya ile hamu haikuwa ya sigara.

Haya, tuache. Nirudi kwenye arobaini. Wiki iliyopita mkeo akaniita. "Shemeji, siku ile utamwiga tena. Zuhura tangu baba yake aondoke hajacheka. Nataka amwone anavyotembea." Nikakubali. Mtani akikataa kazi yake, atoe wapi uso wa kupita mtaani? Na kwa Zuhura nisingekataa hata nisingekuwa mtani. Lakini nililala na hilo jambo kichwani. Baba Zuhura bila sigara ni nani? Ni mtu mrefu tu! Na mimi nikiweka moja mdomoni ikawashwa, najijua, nitakuja kuizima nikiwa nimelala pembeni yako.

Jana hitima imekwisha, ubwabwa umeliwa, watu wakaanza kupiga makofi: "Mtani! Mtani! Tunamtaka mwenyewe!" Mkeo akaniletea koti lako, lile la mabega makubwa ulilolitoa kwenye robota ukakataa kuliuza. Nikalivaa. Mtani, nilijiandaa kwa kahawa, kwa ugali, kwa mlima, kwa kila kitu. Koti sikulifikiria! Lilikuwa linanuka wewe na tumbaku, shingoni mpaka mikononi. Hamu ikanipanda kama maji ya kisima. Mtu mmoja akaniwekea sigara mdomoni, meno yangu yakaing'ata yenyewe, mwingine akawa anapekua mfuko atoe kiberiti.

Nikasema moyoni, muuguzi kasema inashuka. Lakini mtani, itashuka saa ngapi na watu wote hawa wananitazama?

Ndipo ukanijia mwenyewe. Maisha yako yote wewe hukuwahi kuwa na kiberiti! Kila ukitaka kuwasha ulijipekua mwili mzima, ukatuita wote wezi.

Nikaanza kukitafuta. Kifuani, mgongoni, ndani ya kofia. Yule mwenye kiberiti alipokinyoosha nikamsukuma: "Wewe kiberiti chako cha kimaskini, kaa nacho!" Sauti yako kabisa. Nikawapekua wazee makoti, nikamwinua sheikh aliyekalia mkeka nione chini yake, na yeye anacheka mpaka kilemba kimekaa upande. Nikaenda kwa akina mama nikafunua sufuria la ubwabwa: "Nani kaficha kiberiti changu humu? Lisekese nzima wezi!" Nikamuuliza mbuzi. Naapa, mtani, nilimuuliza mbuzi!

Na nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, kali, imevunjika kwa kicheko: "Baba, kiko sikioni! Angalia sikioni!"

Zuhura, ananielekeza kwa uongo kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Kashika tumbo, kakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jipya, analia anacheka, na mama yake vilevile.

Nilisimama. Ile hamu nikaitafuta, sikuiona. Ilikuwa imeondoka zamani, sijui ilitoka saa ngapi, pengine wakati wa mbuzi. Sigara mdomoni ilikuwa imelowa mate, ikakatika, ikaanguka. Sikuinama kuiokota.

Najua kesho itabisha tena. Ibishe. Nimeshajua inapopitia, na ina haraka kuliko mimi.

Sasa pumzika, mtani, mwongo mkubwa usiye na kiberiti. Mwaka ukigeuka tutakusomea tena, na Zuhura kanishika mkono kanilazimisha niseme ndiyo. Koti amelitundika mwenyewe. Nakuahidi na wewe: nitakuiga mpaka nizeeke, mpaka wajukuu zako wakujue unavyotembea, na kila mwaka nitakutafutia hicho kiberiti uwanja mzima, na wallahi hutakipata.

Mtani wako anayepumua,
Selemani