Kisanduku cha Marehemu Dada na Usaili wa Jumatano

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Karakana.
Ijumaa, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Nakusalimu kwa amani, na kwa dua ambayo sijaiacha hata siku moja tangu ulipovuka mipaka. U hali gani huko uliko? Goti lako limepona, au bado linakutabiria mvua? Shemeji na watoto ni wazima? Sisi huku tungali hai kwa fadhila za Mwenyezi Mungu. Macho yangu yanapungukiwa nuru, lakini mkono ungali unaandika, kama uonavyo, na meno machache yaliyobaki yanaelewana vizuri.

Nilikusudia kukuandikia mwezi uliopita, nikazuiwa na uvivu wa uzee. Juma hili sikuweza tena kunyamaza. Nyumbani kwetu yametokea mambo mawili, moja la furaha, na jingine ambalo sijui nilipe jina gani. Yamefungamana, hata siwezi kukusimulia lile la kwanza nikaliacha la pili.

Unamkumbuka mjukuu wetu, yule tuliyempa jina la Mdadisi kwa sababu alipokuwa na miaka sita aliifungua redio yangu ili amwone msomaji wa habari. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi katika mji mwingine ilifungwa miaka miwili iliyopita, akarudi kukaa nami, akawa anatuma maombi ya kazi na kujibiwa kimya. Alikwisha kuniambia kwamba mwezi huu ukimalizika bila kazi, atahamia mbali kwa rafiki yake. Sikumpinga, kwa maana kijana hafungwi kamba. Lakini nilipobaki peke yangu nilivihesabu vyumba vya nyumba hii, nikaviona ni vingi mno kwa mzee mmoja.

Jumatatu adhuhuri akapigiwa simu aende kwenye usaili Jumatano saa nne asubuhi, kwa nafasi ya meneja wa bidhaa. Nikamuuliza kama atauza dukani. Akacheka, akaniambia kwamba meneja wa bidhaa hauzi wala haundi. Kazi yake ni kuwauliza watu wanaumia wapi, kisha awasumbue mafundi mpaka parekebishwe. Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya miaka arobaini darasani, ila mimi fundi wangu ni Mola, na hasumbuliwi.

Kampuni yenyewe ndiyo inayotengeneza kile kisanduku cheupe alichokuwa nacho marehemu dada yetu. Hukukiona, basi nikueleze. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi kilisema kwa sauti ya binti mpole, "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Kikijibiwa, kiliwasha taa ya kijani na kupeleka ujumbe kwenye simu mbili, ya Mdadisi na yako, kwamba mzee wenu yuko salama. Dada hakupenda mashine, lakini alisema shikamoo haiachwi ikaanguka chini, hata ikitoka kwenye kopo. Kwa hiyo alikikumbatia kwa mikono miwili kama bakuli la uji na kukijibu, "Marahaba, nimeamka salama, namshukuru Mungu."

Kila mwombaji wa kazi alitakiwa aje na ushuhuda wa mtumiaji mmoja, aseme na kile ambacho angekibadilisha. Mdadisi akasema atamzungumzia bibi yake. Baada ya mazishi alikuwa ameuzima mlio wa ujumbe ule kwenye simu yake, kwa kuwa hakuweza kuustahimili. Jumatatu alasiri akaufungua ili asome kumbukumbu za zamani. Akaja kwangu na simu mkononi, rangi imemtoka.

Mdogo wangu, dada tulimzika mwezi wa Februari. Ujumbe haukukatika. Asubuhi mia moja na kumi na sita tangu kaburi lifukiwe, na kila asubuhi: Yuko salama.

Chumba chake kimefungwa, na ufunguo unakaa mfukoni mwa kanzu yangu. Tulikifungua. Kitanda kilikuwa kama tulivyokiacha, na shuka limekunjwa mara nne. Kisanduku kilikuwa rafuni, waya wake ungali ukutani, vumbi limekifunika chote juu.

Tulimwita fundi umeme, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Akakigeuza, akatuonyesha matundu madogo mbele yake, akasema, "Mzee, hili ndilo sikio. Kinasikia sauti yoyote." Kitufe kilicho chini akakidhania kuwa ni cha kuwashia. Nikapumua. Wajua kwamba ukuta wa chumba kile ndio ukuta wangu wa kuswalia, na kwamba baada ya sala hukaa nikiomba kwa sauti mpaka jua litoke. Jumanne alfajiri Mdadisi akaketi chumbani kwa bibi yake, mimi nikaomba upande wangu. Salamu ikatoka, nami nikapaza sauti, na taa ikawaka. Akatoka akicheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Sasa alikuwa na kasoro ya kuwapelekea: mashine inayosikia dua ya jirani ikaidhania ni uhai wa marehemu.

Jumanne nzima tuliigeuza meza ya kulia chakula kuwa ya jopo. Mimi nilivaa koti, na fundi akawa msaili wa pili. Akamuuliza kwa nini wamwajiri yeye na si mtu mwingine. Mdadisi akajibu kwamba yeye akiitwa leo huja leo, si kama mafundi fulani wanaokuja kesho kutwa. Nilipomuuliza udhaifu wake akasita, nami nikaanza kumtajia. Akaniambia, "Babu, jopo haliruhusiwi kujibu." Kufikia magharibi alikuwa anajibu bila kutazama karatasi.

Likabaki jambo moja. Alinisihi Jumatano asubuhi ninyamaze kabisa, ili tuone taa haiwaki, naye aende na jaribio lililokamilika. Nikakubali. Asubuhi hiyo, alipokuwa akipiga pasi nguo zake sebuleni, niliingia chumbani kwa dada, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake. Dua yangu niliiweka moyoni. Fundi alikuwa bado amelala. Nyumba ilikuwa kimya, hata pasi nilikuwa siisikii.

Kikasema, "Shikamoo bibi, umeamkaje?"

Sikujibu. Taa ikawaka kijani.

Nilipotoka aliniuliza, "Babu, haikuwaka, sivyo?" Nami, mdogo wangu, niliyewafundisha watu kwamba kauli ya kweli ni nusu ya imani, nikamwambia, "Nenda mwanangu, usichelewe." Niliogopa kumtia kiwewe saa ile, akaikosa kazi. Niliogopa pia kwa ajili yangu. Hayo nimekwisha kuyatubia.

Alirudi saa nane. Alivua viatu, akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, akanieleza. Mkuu wa jopo, mama mmoja mwenye mvi, alisikiliza habari ya dua na ukuta mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba kifaa kile hakina sikio. Matundu yale ni mdomo wake tu. Kinajibiwa kwa kukibonyeza kitufe kilicho chini, tena kwa nguvu, kwani ni kigumu. Ndipo tulipoelewa kwamba dada, alipokuwa akikikumbatia, dole gumba lake lilikuwa likibonyeza chini, nasi tuliokuwa tukimtazama tuliyasikia maneno tu.

Mama yule akamuuliza kama alilifanyia jaribio dai lake. Mjukuu wako angeweza kudanganya. Kazi ilikuwa inamponyoka. Akasema, "Nilimwomba babu anyamaze asubuhi hii. Nilipomuuliza, hakunijibu, na babu yangu hakosi la kusema bila sababu. Kwa hiyo nadhani taa iliwaka. Ni nani aliyebonyeza, sijui."

Wakamuuliza angebadilisha nini. Akajibu kwamba angeyafuta maneno "yuko salama". Mashine haijui nani yuko salama. Iandike tu kwamba kitufe kimebonyezwa, isitoe ushahidi wa jambo ambalo haikuliona. Nilipolisikia hilo nilimshika kichwa nikambariki. Wanavyuoni nimewasikia wakilieleza kwa siku nzima jambo aliloliweka yeye katika sentensi moja.

Jana walimpigia simu. Kazi ameipata, na ataianza tarehe mosi. Ofisi ni mwendo wa nusu saa kutoka hapa, kwa hiyo hahami. Walisema pia kwamba kesho Jumamosi adhuhuri watakuja kukichukua kisanduku wakakichunguze, na kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha jambo moja jingine. Simu ya Mdadisi haikuwa ikifungua ujumbe ule. Simu ya pili iliufungua kila asubuhi, hata asubuhi ya mazishi, na bila kukosa tangu hapo.

Sikuulizi, mdogo wangu. Ulipewa habari ya msiba siku ile ile, ukalia nami kwenye simu, na ukashindwa kuja. Kama kila asubuhi uliambiwa kuwa dada yako yuko salama, na moyo wako haukukuruhusu kuuliza ni nani asemaye, mimi niliyekaa chumba cha pili sina haki ya kukulaumu. Barua hii itakapokufikia, ujumbe utakuwa umekwisha kukatika. Usidhani simu yako imeharibika.

Leo asubuhi niliingia tena chumbani. Salamu ilipotoka, taa haikuwaka. Nikangoja. Ikarudiwa mara ya pili, na ya tatu, kwa sauti ile ile ya upole. Ndipo nikasema kwa sauti, "Dada, kesho wanakichukua. Mdogo wetu amezipata salamu zako zote. Anasema marahaba." Hapo kitufe kikalia kidogo, kama mfupa wa kidole, na taa ikawaka. Juu ya kisanduku vumbi lilikuwa halijaguswa.

Ukitazama simu yako, utaona kwamba ujumbe wa Ijumaa ulikufikia umechelewa kwa dakika saba. Sababu yake ndiyo hiyo.

Nisalimie shemeji, na mwanao mkubwa, na yule mdogo mwenye sauti ya baba yetu. Mdadisi anakuamkia, na fundi anauliza kama huko nako mafundi huchelewa. Mungu akulinde unapolala na unapoamka, amrehemu aliyetutangulia, na atukutanishe kabla macho yangu hayajazimika.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na kukukumbuka katika kila sala.