Farasi Mbele ya Kioo

Bukhara, 3 Oktoba 2004

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Tunatumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na una soksi kavu. Hilo la soksi ni la Mama, amesimama nyuma yangu. Sisi huku hatujambo. Bibi anaumwa magoti, ila mdomo wake mzima kabisa.

Barua yako ya Septemba ilifika. Baba, uliandikiwa na Ergash-aka, mwenzako wa kazini. Nilijua kabla sijafika mstari wa tatu, maana wewe hujawahi kumwita Mama "ua la bustani yetu". Bibi aliposikia alicheka hadi chai ikampalia. Tafadhali andika mwenyewe. Nikiona unavyovuta mikia ya herufi huwa kama nimekuona kazini.

Karakana iko kama ulivyoiacha. Kila Ijumaa nafungua dirisha, nafuta vumbi, halafu naifunika tena ile picha ya karamu ya bustanini. Wageni wote wa karamu bado hawana nyuso. Mwalimu wetu wa historia alikuja kuiona akasema inamtisha kidogo, watu waliovaa vizuri hivyo na hakuna hata mmoja mwenye macho. Nikamwambia nyuso ni kazi ya fundi, na fundi ameenda Urusi kuweka vigae kwa majira mawili ya baridi tu, masika ijayo anarudi kuzimalizia. Nilisema kwa sauti ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia.

Nimekusanya utomvu wa mti wetu wa aprikoti kwa ajili ya rangi zako, chupa imejaa. Paka wetu Momiq ameota tena manyoya pale shingoni ulipomnyoa kutengeneza brashi, lakini akiniona na mkasi anakimbilia darini.

Ninalo ombi. Nichoree kitu Jumapili, hata kidogo. Rafiki yangu darasani haamini kwamba nyumbani kwetu picha haitoki mpaka mdogo wa nyumba aisimamishe mbele ya kioo na kutaja kasoro yake. Anasema, "Yaani unamkosoa baba yako, halafu anakupa zabibu?" Nilimwambia ni sheria ya Babu. Tangu uondoke sijapata kasoro ya kutafuta, wala zabibu.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Hosiyat


Samara, 29 Oktoba 2004

Kwa binti yangu Hosiyat,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, nashukuru. Msalimie Bibi, mwambie magoti afunge kitambaa cha sufu. Mwambie Mama soksi ninazo.

Ndiyo, Ergash-aka ndiye anayeandika. Mikono yangu imejaa saruji na meza ya bweni hili ni finyu. Anauliza mwandiko wake una ubaya gani. Anasema pia kwamba lile ua la bustani ni lake na halirudishi. Nimemwambia aandike ninayosema mimi tu, na naona bado anaandika.

(Baba yako mtu mgumu, Hosiyat. Ananilipa kwa chai baridi. Ergash.)

Ombi lako nimelitimiza. Nimekuchorea mpanda farasi kwa wino mtupu, bila rangi. Ergash-aka anakuja huko kwa harusi ya mpwa wake, atamleta pamoja na barua hii. Msimamishe mbele ya kioo. Sema kila unachokiona, kama nilivyokufundisha, wala usinionee haya. Nataka kujua.

Soma kwa bidii. Wakati wa kusugua karatasi ili ing'ae usiliegemee jiwe, liache litembee lenyewe.

Baba yako,
Hamdam


Bukhara, 21 Novemba 2004

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Habari za afya na za baridi ya huko? Sisi wazima. Bibi amekubali kitambaa cha sufu, ila anadai lilikuwa wazo lake.

Ergash-aka alifika, akala pilau sahani mbili. Nikamuuliza, "Baba anaendeleaje?" Akasema, "Anakula kama farasi." Nikamuuliza kama unachora kila Jumapili. Akageuza kikombe chake mara kadhaa, akasema, "Hilo utamuuliza mwenyewe, binti." Mama akamjazia chai.

Nilisubiri wote walale mchana ndipo nikamsimamisha mpanda farasi mbele ya kioo. Baba, ulisema nisikuonee haya, kwa hiyo sitakuonea.

Mstari wa mgongo wa farasi umetetemeka mara mbili, na pale penye shingo umeinua kalamu ukairudisha, jambo uliloniambia nisilifanye hata nikipiga chafya. Mguu wa mbele wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, kama umevaa soksi za Mama. Mpanda farasi ameshika hatamu kwa vidole kama vya unga uliokandwa. Kilichonishangaza zaidi ni mistari midogo ya kivuli: yote imelalia upande usio wake. Siku zote yako huinamia kulia, na hii imeinamia kushoto, kama nyasi zilizopigwa na upepo kutoka mlango mwingine. Kwenye kioo ndipo ilipoonekana sawa.

Ningekuwa nimemchora mimi, ungenirudisha kwenye mazoezi ya kuchora matete. Je, ulimchorea ndani ya treni? Au umeanza kuwa mvivu kwa sababu hayupo wa kukuchungulia?

Nadhani nastahili zabibu mfuko mzima. Picha haitoki karakana. Nimeiweka kwenye droo, nasubiri nyingine.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Hosiyat


Bukhara, 16 Januari 2005

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Hujambo? Sisi hatujambo. Theluji imeanguka, na Momiq halali popote ila juu ya kamusi yangu.

Sijapata jibu. Mama amepokea salamu zako kwa njia ya simu ya posta, lakini kwangu hukusema kitu. Mama anasema mna kazi nyingi kabla ya jengo kufunguliwa. Labda barua yangu ilipotea. Kama haikupotea, labda niliandika ovyo ule mzaha wa uvivu. Nikiwa na kalamu nakuwa hodari kuliko nilivyo mdomoni, unanijua.

Kama ni huo mzaha, nisamehe. Sikudhani ungekuchoma. Wewe ndiye uliyecheka siku ile nilipokuambia sultani wako ana masikio ya mbuzi.

Andika hata mistari miwili.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Hosiyat


Samara, 8 Februari 2005

Kwa Hosiyat,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima. Barua yako ya Novemba ilifika, na hukukosea popote.

Masika hii sirudi. Ile picha ya karamu usiifunike tena. Nyuso zichore wewe. Brashi nzuri ziko kwenye mianzi miwili juu ya rafu, na jiwe la kusugulia ni lako. Fundi Yodgor wa pale mtaa wa nyuma anatafuta kimeza cha kuchorea. Akija, mpe changu. Wewe utatumia kile kidogo.

Msalimie Mama na Bibi.

Baba yako,
Hamdam

(Mwandishi ni Ergash. Safari hii sina la kuongeza.)


Bukhara, 24 Machi 2005

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam alaykum, na heri ya mwaka mpya wa Navruz. Tunakuombea afya. Bibi amepika sumalak, ule uji wa ngano wa sikukuu, kwa jina lako. Amekoroga sufuria kwa zamu yake na yako, hakutaka mtu ampokee mwiko.

Fundi Yodgor alikuja. Nilimwambia kimeza hakiuzwi wala hakigawiwi. Akasema, "Lakini baba yako ameniambia." Nikamwambia, "Baba yangu yuko mbali, hakioni." Halafu nikafunga mlango, nikabaki nimeushikilia kwa ndani, maana sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo.

Nyuso sijazigusa. Baba, nimeisoma barua yako ya Februari nikitafuta umekasirika wapi, sikupaona. Ningepaona ningeomba radhi hapo hapo mahali penyewe. Naona tu mtu anayegawa vitu vyake. Bibi ameniuliza, "Ulimwandikia nini mwanangu?" Nikamsomea rasimu ya ile barua ya Novemba. Hakucheka palipo na soksi. Akaniambia, "Ulimwambia kweli, sawa. Lakini kweli mtu huambiwa huku umemshika bega."

Kwa hiyo sasa ni zamu yangu ya kukosolewa. Ninakutumia picha yangu ya kwanza niliyoimaliza mwenyewe, karatasi, rangi, mpaka nyuso. Ni uani kwetu. Mama na sufuria, Bibi na magoti yake, Momiq na shingo yake iliyonyolewa (alinikimbia mwezi mzima). Na wewe chini ya mti wa aprikoti, mbele ya kimeza chako, umeshika brashi. Uso wako nimeuchora kwa kukumbuka. Nimeutazama kwenye kioo hadi nikachoka, sizioni kasoro, na najua zipo.

Itazame. Sema kila unachokiona, usinionee haya. Mpaka useme, haitoki.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Hosiyat


Samara, 1 Mei 2005

Kwa binti yangu Hosiyat,

Wa alaykum salaam. Usishangae mwandiko. Barua hii naiandika mwenyewe, na ukiona herufi zimelala ovyo kama watoto kitandani, endelea kusoma.

Picha yako nimeitazama kwenye kioo cha kunyolea, hakuna kingine hapa. Ergash-aka alikishika. Wenzetu wa bweni nao walikuja. Mmoja akauliza, "Huyu paka mbona kipara?" Nikamweleza, wakacheka sana. Bibi umempata. Mama umempata mpaka nikageuza uso. Rangi ya aprikoti uliyoitia kwenye kivuli, hata mimi sikukufundisha.

Kasoro ni moja. Mkono wangu wa kulia umeuchora mzima.

Kidole cha shahada na cha kati havipo. Mashine ya kukatia vigae iliviondoa Septemba mwaka jana. Haikuuma hapo hapo. Nilimwomba Ergash-aka asiseme, akaapa, na kiapo hicho kimemkondesha. Farasi yule nilimchora kwa mkono wa kushoto, Jumapili baada ya Jumapili. Nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba mkono huo umezoea. Nikasema, nitampelekea Hosiyat, akipita kwenye kioo chake, basi mimi bado ni fundi. Wewe ukaona kila kitu, mpaka upande zilikolalia nyasi. Ulisema kweli kama nilivyokutaka useme. Nilikaa miezi nikikukasirikia kwa kosa hilo, nawe hukuwa nalo. Mimi ndiye niliyekupa farasi nikakuficha mkono.

Nilipoondoka nilidhani mikono ni kama brashi, unaiweka pembeni ukafanya kazi nyingine, unarudi unaikuta. Sasa sijui nikirudi nitakaa wapi katika nyumba hiyo. Mahali pangu palikuwa mbele ya kile kimeza.

Picha nakurudishia. Urekebishe mkono, kisha uitundike. Mama sijamwambia. Nimejaribu kwenye simu, nikaishia kuuliza bei ya vitunguu.

Zabibu nimempa Ergash-aka akuletee. Kama zimepungua, unajua nani.

Baba yako,
Hamdam


Bukhara, 20 Mei 2005

Kwa Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima. Bibi hajambo. Mama nitakueleza.

Zabibu zilipungua. Ergash-aka alikiri kabla sijauliza, akakiri na lile lingine, akalia uani kwetu mbele ya paka.

Mkono nimeurekebisha. Nilikwangua rangi kwa ncha ya kisu kama ulivyonifundisha, taratibu, karatasi isitoboke. Kuviondoa vidole hivyo viwili kulinichukua muda mrefu kuliko kuvichora. Sikujua nimwambieje Mama, nikaitundika picha pale karibu na jiko na kwenda shule. Niliporudi nilimkuta amekaa chini, ameitandaza juu ya magoti. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Na mimi namuuliza soksi." Jioni alifungua sanduku akatoa glavu ulizomwachia akufumie upya. Anafumua ile ya kulia.

Farasi nimemtoa kwenye droo, nikamsimamisha tena mbele ya kioo. Kila kitu kilikuwa pale tangu mwanzo. Niliona mistari imelalia upande wa mkono mwingine, hata nikakuandikia, na sikujiuliza mkono ule wa kwanza uko wapi. Nilikuwa na haraka ya zabibu. Ningeweza kukuuliza swali moja tu, Baba, na wewe ungenijibu mwezi wa kumi na mbili, si wa tano.

Sasa yuko ukutani. Kasoro zake zilishatajwa, kwa sheria ya Babu anaruhusiwa kutoka, lakini simpi mtu.

Umeuliza utakaa wapi. Kimeza chako nimekigeuza, dirisha sasa liko upande wa kulia, ili kivuli cha mkono wa kushoto kisiangukie karatasi. Nimejaribu kukikalia hivyo. Ni tabu mwanzoni.

Na nyuso nimezianza, kama ulivyoagiza. Wa kwanza ni yule mgeni anayeshika bakuli la makomamanga. Nimekosea kumchora. Mama hajaona, Bibi hajaona, mwalimu wa historia amesifu sana. Mimi nimeona, na kwenye kioo ni wazi kabisa.

Sikuambii ni wapi.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Hosiyat