Vidonge Ndani ya Foronya

Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uwe umekuachia upalilie mahindi. Mimi sijambo. Baba naye yupo, ninakuandikia nikiwa kando ya kitanda chake hapa wodini, lakini soma mpaka mwisho kabla hujasema alhamdulillahi.

Ulipompakia kwenye lori la tumbaku aje kwangu kutibiwa kichomi, wiki ya kwanza walimchoma sindano, akapata nafuu hata akaanza kuulizia ugali. Kisha nesi akasimamisha sindano, akampa vidonge. Siku tatu tu, homa ikarudi na kifua kikaanza kukoroma. Mama, niliogopa. Na unanijua, nikiogopa natafuta mwizi. Ng'ambo ya geti limefunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, si unajua siku hizi biashara ruksa kwa kila mtu, nikajua tu kwamba sindano za baba zimevuka barabara.

Nikamshukia nesi mbele ya wagonjwa wote. Hakukasirika. Alinieleza kuwa kidonge huyeyuka tumboni, kikaingia kwenye damu na kupita kwenye ini, na ini hukata sehemu yake kwanza. Nikamuuliza nani kaliruhusu ini, maana makato ya namna hiyo tumeyazoea kwenye malipo ya tumbaku yetu. Akacheka.

"Dada, kinachopotea njiani tumeshakihesabu," akasema. "Dawa inayofika kwenye damu ni kiasi kilekile cha sindano. Labda kwa baba yako haifiki hata tumboni."

Sikumwamini. Nikarudi kumtandikia baba, na nilipokung'uta foronya vikadondoka vidonge, vingine vimelainika kwa mate. Kumbe alikuwa akivibana shavuni, nesi akigeuka anavitema. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama yako kanikataza vidonge," akasema. "Kasema dawa ni ile inayouma."

Basi mwizi nimempata, na unisamehe mama, ni wewe. Nesi nimemwomba radhi, macho yangu chini. Anasema kifua kikijaa tena, huenda baba asirudi tena nyumbani Lusewa. Tafadhali mwandikie kwa mkono wako kwamba ameze, maana mimi ananiona mtoto. Lori litakaloleta barua hii linarudi Ijumaa, nijibu kwa hilohilo.

Nisalimie bibi, mjomba Saidi, na wifi Mwajuma na mtoto wake mchanga.

Baba anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kuwa sasa anameza vyote. Amelisema hilo kwa upande mmoja wa mdomo, kwa hiyo naweka kalamu chini nikamfungue kinywa.

Mwanao,
Zuhura